Siku Mitambo Iliponyamaza

Mwalimu wa kwaya alikuwa na mke mmoja, kwaya moja, na kifua kimoja cha kumkosesha raha, nacho hakikuwa chake. Kilikuwa cha mkewe. Tangu mitambo ya umeme wa gesi ianze kuunguruma nyuma ya ule ukuta mrefu mwisho wa mtaa, mkewe alikuwa akikohoa kila asubuhi, na kila alipoulizwa jibu lilikuwa lile lile: "Vumbi tu, mzee wangu."

Mitambo yenyewe haikumwashia mtu taa. Ilijengwa kwa ajili ya jumba la kompyuta, jumba kubwa lisilo na madirisha, ambamo hakuna anayelala wala kupika, lakini linakula umeme kuliko mtaa mzima na majirani zake. Watu waliambiwa kwamba humo ndimo zinamotunzwa picha za dunia nzima na majibu ya kila swali. Fundi viatu, ambaye ndiye sauti nzito ya kwaya, alisema kama majibu yote yamo humo, basi kampuni iyaulize lini mtaa utapata usingizi. Sasa kampuni hiyo ilikuwa imeomba kibali cha kuongeza mitambo mingine, mikubwa kuliko ya kwanza, na mtaa ulikuwa umekataa katakata.

Aliyeongoza kukataa huko ni mke wa Mwalimu. Mtaani walimwita Mwenyekiti, maana hata kabla kamati haijaundwa alikuwa akiongoza kila kitu: misiba, harusi, ugomvi wa bombani, na mumewe. Mdogo wake aliishi mji wa mbali wenye hewa safi, na hakuchoka kupiga simu akimsihi aende kukaa naye mpaka mambo yatulie. Daktari wa zahanati naye alisema hivyo hivyo, kwamba kifua kile hakitaki moshi. Mwenyekiti hakutaka hata kuyasikia hayo.

"Nihame nyumba yangu kwa ajili ya kompyuta?" alimwambia mumewe huku akikunja nguo kitandani. "Zihame zenyewe. Mimi nilizitangulia."

"Na kifua?"

"Kifua kizima. Hebu sikiliza, kuna nini?"

Mwalimu alisikiliza, akasikia mitambo. Moyoni akafurahi, na tusimpake mafuta, alifurahi kwa ubinafsi. Tangu waoane hawajawahi kutengana, na yeye hata chumvi inakaa wapi hakujua. Mtu akijibiwa anavyotaka, haulizi mara ya pili.

Ikafika siku ya wakaguzi. Walikuwa wanakuja kuisikia kelele kwa masikio yao na kuwasikiliza wakazi, kisha waamue habari ya kibali. Kamati ilipanga kwaya ifungue kwa wimbo, halafu watu waseme ya moyoni.

Asubuhi ya siku hiyo Mwalimu aliamka akidhani amekuwa kiziwi. Akasikia jogoo. Akasikia bomba la jirani likidondosha maji, na jirani mwenyewe akigombana na redio yake. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mitambo imezimwa. Kampuni ilijua wageni wanakuja kusikiliza kelele, ikaamua wasisikie kitu. Alimgeukia mkewe amwambie, akakuta upande wa pili wa kitanda ni mtupu. Mwenyekiti alishatoka tangu alfajiri kwenda kupanga viti ukumbini.

Ukumbi wa shule ulijaa mpaka milangoni. Mkaguzi mkuu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mpole wa sauti, wa kuonekana hapendelei upande. Pembeni yake alikaa msemaji wa kampuni, kijana mtanashati, shati limenyooka kama karatasi. Kwaya ikasimama. Mwalimu akainua mikono, akaishusha, na hapo ikawa aibu.

Dada wa saluni, kiongozi wa sauti za juu, alianzia kwenye dari. Fundi viatu alianzia chini ya sakafu. Waliobaki wakatawanyika katikati, kila mtu na njia yake. Mwalimu akawasimamisha, akawaanzisha upya, wakaharibu zaidi. Mtoto mmoja akacheka, na msemaji wa kampuni akapiga makofi ya upole, yale ya kukumaliza kabisa.

Mwalimu alisimama pale akijiuliza wamerogwa au vipi. Zamani alikuwa na kifilimbi cha kuwapa wanakwaya sauti ya kuanzia. Kilipopotea hakujisumbua kukitafuta, kwa sababu kwaya ilianza sawasawa bila hicho, naye akawa anatamba kwamba masikio ya watu wake yameiva. Kumbe hayakuiva. Kila jioni ya mazoezi mitambo iliunguruma kwa sauti ile ile isiyobadilika, na kwaya nzima, Mwalimu akiwa wa kwanza, walichukua sauti ya kuanzia humo bila kujua. Adui yao ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wao.

"Ahsanteni kwa wimbo," mkaguzi alisema kwa huruma. "Sasa niwe mkweli kwenu. Nimekuwa hapa tangu asubuhi na sijasikia kelele yoyote. Mimi naripoti ninachokisikia."

"Wameizima!" watu walipiga kelele.

"Ni matengenezo ya kawaida, mheshimiwa," msemaji alisema. "Na hata ikiwaka, mitambo yetu ni ya kisasa. Unaweza kulaza mtoto pembeni yake."

Ukumbi ukachafuka. Mwenyekiti alisimama kujibu, na kwa ulimi wake kijana yule angetoka bila nguo, lakini kikohozi kilimkaba, akakaa. Akamtazama mumewe, akamwonyesha kwa kidevu: nenda wewe.

Mwalimu akapiga moyo konde. Hakuigeukia kwaya. Aliugeukia ukumbi wote, akainua mikono.

"Jamani," alisema. "Msiimbe. Nipeni mitambo."

Walitazamana. Kisha fundi viatu akafumba macho na mdomo, akaanza kuunguruma. Dada wa saluni akaingia, wamama wa viti vya nyuma wakaingia, wazee, vijana wa dirishani, wote. Hakuna aliyeitafuta sauti. Ilikuwa imewakaa mwilini, kila mmoja aliitoa pale pale ilipo, hata ule mtetemo wake wa kupanda na kushuka waliutoa. Mwalimu alikuwa amewafundisha wanakwaya kupokezana pumzi, huyu akivuta jirani yake ameshika, ili sauti isikatike. Wengine wakaiga, na ngurumo ikaendelea bila mwanya.

Mwanzoni mkaguzi alitabasamu. Baadaye akaweka kalamu chini. Baadaye tena akavua miwani na kujikanda paji la uso. Msemaji wa kampuni alikuwa anasema kitu, midomo inakwenda, lakini hakusikika.

"Basi," mkaguzi alisema. Mwalimu hakushusha mikono. "Basi, Mwalimu, tafadhali. Nimesikia."

"Wewe ukisema basi, mama, tunanyamaza," Mwalimu alimjibu. "Sisi tukisema basi, nani ananyamaza?"

Akashusha mikono, na sauti ikakatika mara moja.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito, na ndani yake Mwalimu alisikia filimbi. Alidhani ni bawaba ya mlango. Ikaja tena, nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, ikitoka kiti cha mbele. Mkewe alikuwa amekaa pale, mdomo wazi kidogo, anamtabasamia kwa ushindi, na kila akivuta pumzi kifua chake kilipiga mluzi. Haikuwa filimbi ya leo wala ya jana, maana alipumua nayo kama mtu aliyeizoea. Maisha yake yote Mwalimu alirekebisha sauti za watu, na hii, inayolala kwenye mto wake, hakuwahi kuisikia.

Mkewe aliona kwamba amesikia. Tabasamu likamshuka, akaweka mkono kifuani kama anayeficha kitu.

Mkaguzi akatangaza kwamba hakuna kibali kitakachotolewa mpaka arudi mwenyewe, bila taarifa, mitambo ikiwa inawaka, na hata iliyopo itapimwa moshi na kelele. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Fundi viatu alimkumbatia dada wa saluni, ambaye alimsukuma, kisha naye akamkumbatia. Mwalimu peke yake hakupiga makofi.

Walirudi nyumbani polepole. Mwenyekiti alisimama kila mara kusalimia watu, na sasa mumewe alielewa kwamba si salamu, anatafuta pumzi.

"Tangu lini?" alimuuliza walipokaa barazani.

"Tumeshinda, mzee wangu. Usiniharibie siku."

"Ndiyo maana ulitoka alfajiri. Ulisikia mitambo imezimwa, ukanikimbia."

Mkewe alicheza na ncha ya khanga.

"Nilijua ukikisikia kifua hiki tu, utanipeleka kwa mdogo wangu," alisema hatimaye. "Na wewe utabaki na nani? Hata yai hujui kukaanga. Nikaona acha nijifiche humo humo kwenye kelele."

"Na mimi nikakuacha ujifiche," Mwalimu alisema. "Nilikuamini kwa sababu nilitaka ubaki. Si kwa sababu nilisikiliza."

Jua likielekea kuzama, wageni wakiwa wameshaondoka, mitambo ikawashwa. Ngurumo ikapita ukutani, ikaja mpaka barazani, na ile filimbi ikapotea kama haikuwahi kuwapo.

"Unaona?" mkewe alimtania. "Nimepona."

Mwalimu alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Akasogea, akamwekea kiganja mgongoni. Kifua kilikuwa kinatetemeka chini ya vidole vyake, pumzi baada ya pumzi. Hakukiondoa kiganja. Kwa mkono wa pili alichukua simu akampigia shemeji yake.

"Shemeji, tayarisha kitanda."

"Amekubali?" shemeji aliuliza kwa furaha. "Dada anakuja?"

"Tunakuja wawili."

"Na kamati?" mkewe alidakia. "Na kwaya yako? Sasa ndiyo vita vimeanza, tunakimbilia wapi?"

"Kamati atashika dada wa saluni, ana mdomo kuliko wewe. Kwaya ina fundi viatu. Wewe una mimi tu."

Mwenyekiti alifungua mdomo kubisha, na labda kwa mara ya kwanza katika ndoa ile, hakubisha. Aliegemea kile kiganja.

"Sikusikii vizuri, shemeji," sauti ya simuni ililalamika. "Kuna kelele gani huko? Nimeuliza niwape chumba kipi?"

Mwalimu alipaza sauti kuishinda mitambo.

"Chochote, shemeji. Ila kiwe kimya. Nataka niwe namsikia."