Herufi za Arusi Njiani kwenda Fataki

Naapa kwa meno yangu ine yaliyobaki: humu hakuna neno moja la uongo. Ulizeni watu wa mtaa wetu wa Nyakasanza.

Ilikuwa miaka ile waliyosema vita imekwisha, lakini watu walilala na viatu miguuni. Asubuhi ya Ijumaa, Muzee Xavier akapigiwa simu kutoka Fataki. Dada yake Domitille, yule mumoja tu aliyebaki kwa tumbo la mama yao, alikuwa amekataa hata maji.

"Anaita jina lako," jirani wa Domitille akamwambia. "Kuja leo, muzee. Kesho sijui."

Fataki si mbali kwa mutu mwenye karte ya kitambulisho. Karte ya Xavier iliungua pamoja na nyumba, na bila karte vijana wa bariera, wenye kufunga njia kwa kamba na bunduki, wanakugeuza adui yao wa siku. Kwa biro ya serikali, pa kutolea karte, walimwambia arudi Jumatatu. Akasimama mulangoni akihesabu: leo, kesho, Jumapili. Mutu asiyekunywa maji hangojei Jumatatu.

Akaingia kwa Roger, mwenye kuandikia watu barua kwa ordinatere, ile kompyuta yake, karibu na soko.

"Roger, mwanangu, niandikie ordre de mission, karatasi ya kusema nimetumwa kazi."

"Unataka wanifunge, muzee? Ya uongo siandiki."

"Dada yangu anakufa."

Roger akawasha ordinatere. Kisha akatafuta herufi zake za heshima, zile asizozitoa ila kwa arusi na diploma. Nyembamba zikipanda, nene zikishuka, zote zimeinama upande mumoja kama wageni wanaosalimiana. X ya Xavier ilikuwa na mukia. Mukia ukazunguka karatasi mara tatu ukikosa pa kulala, mpaka Roger akaongeza karatasi ya pili.

"Mwaliko si kosa," Roger akasema. "Nimechukua ule wa arusi ya juzi, nimeweka jina lako pa bwana-arusi. Nani atafungia bwana-arusi njia?"

"Na bibi?"

"Batri inakufa, muzee. Bibi abaki Arlette."

Xavier akaweka karatasi kifuani, akapanda pikipiki ya Dady, kijana wa kubeba abiria. Nyuma yake akapanda Angélique, mujane mwenye kuuza chumvi, abiria tu wa siku ile. Hawakujuana.

Kwenye bariera ya kwanza, kijana mwenye bunduki aliishika karatasi kichwa chini. Xavier akasali bila kufungua midomo. "Hii barua ya mukubwa," kijana akasema, akapiga saluti, akashusha kamba. Kwenye bariera ya pili walipiga saluti watatu.

Kwenye ya tatu, jua likiwa utosini, mukubwa wao alikuwa mwalimu wa zamani. Akasoma kila neno, kidole juu ya herufi, polepole. Domitille ananiita sasa hivi, Xavier akawaza, na miye nimesimama hapa na karatasi ya muchezo.

"Weye ndio bwana-arusi?"

"Ndiyo, chef."

"Na miaka hiyo?"

"Mapendo yalichelewa, chef. Bariera ni mingi."

Vijana wakacheka. Mukubwa hakucheka. "Arlette iko wapi?"

Xavier akajipapasa mifuko kama mwenye kutafuta bibi ndani. Aliona njia mbele yake, wazi, na hakuweza hata hatua moja. Hapo Angélique akashuka, na mufuko wake wa chumvi kichwani.

"Ni miye. Hujaona bibi-arusi mwenye vumbi?"

"Karte yako, mama."

"Siku ya arusi yako, bibi yako ulimuomba karte?"

Mukubwa akakunja karatasi, akairudisha. "Mupite. Muniwekee nyama."

Walipofika, Domitille akafungua macho, akapapasa herufi zile kwa kidole, akaomba uji, akamaliza sahani mbili. Akaishi miaka ine tena.

Nilikuwa nimeandika mpaka pale, Angélique akainama juu ya bega langu. Ndiyo, ni yeye yule, na Xavier ni miye. Tunaishi pamoja tangu mwaka ule. Kwetu mwenye kushikwa na uongo analipa kuku.

"Saluti gani?" akasema. "Yule kijana alikutupia karatasi kwa uso, Dady akamupa sigara ndiyo tukapita. Kuku mumoja. Na mukia wa kuzunguka mara tatu, kuku wa pili."

Nikaenda nikawakamata, nikawafunga miguu, nikawaweka mbele yake.

"Na Domitille?"

Nikamwambia nitaleta hata jogoo.

"Kwa ile sitaki kuku, Xavier. Andika."

Basi naandika. Tulifika saa kumi. Alikuwa amekufa saa sita, ule wakati mukubwa alipokuwa anasoma, na walimuzika mbio kwa sababu pale kila usiku watu walikimbilia porini. Udongo ulikuwa bado mubichi. Nilianguka juu yake na mwaliko wangu kifuani. Angélique akashusha chumvi yake, akaketi kando yangu, na sokoni hakuenda.