Mpira wa Gesi Unaomba Kusomwa

Jana mchana, baada ya kula ugali na kunde, nilisinzia kwenye kiti cha sebuleni nikaota kwamba jiko letu la gesi limeitisha kikao.

Kwanza nieleze hali ya nyumbani kwetu, hapa Makambako. Binti yetu Siglinda alitununulia jiko la plati mbili pamoja na mtungi, ili mama yake, Enesia, apumzike na moshi wa kuni. Fundi Kawogo alitakiwa aje kulifunga. Sikumwita. Nimetengeneza redio miaka thelathini, nikaona aibu kuita mtu anifungie mpira wa gesi. Nilichukua mpira wa zamani uliokuwa stoo, nikafunga mwenyewe, kisha nikamwambia Enesia kwamba Kawogo alikuja wakati yeye yuko sokoni. Zikapita wiki tatu. Chai ilichemka vizuri tu.

Sasa, ndoto.

Naingia jikoni. Mtungi umesimama katikati ya chumba, umevaa koti la suti. Nausogezea kiti.

"Karibu ukae, mwenyekiti."

"Siwezi," unasema. "Kanuni inasema mtungi usimame wima. Sijakaa tangu nitoke kiwandani."

"Hata kulala?"

"Hasa kulala."

Nikaona ni jambo la kueleweka. Nikakaa mimi.

Dirisha la jikoni limefungwa, kama tunavyolifunga mwezi wote wa saba kwa sababu ya baridi. Linanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kanuni inasema dirisha liwe wazi. Naomba kuwa wazi."

"Kuwa wazi."

"Huyu mzee alimdanganya mke wake."

Nilikohoa. Nikasema hayo ni mambo ya ndani.

"Mimi niko katikati ya ndani na nje," dirisha likajibu. "Yananihusu."

Mtungi ukaagiza gesi ipimwe uzito. Hapo hapo tukawa kwenye mizani ya barabara kuu, pale magari ya mizigo yanapopimwa. Sikushangaa. Tulikuwa kwenye foleni, nyuma ya lori la viazi. Askari wa mizani alikuwa anapima hewa. Aliitazama, akaandika kitu, akairuhusu ipite. Kisha akapanda bibi mmoja mfupi, mpole, aliyejifunga kitenge kisichokuwa na rangi yoyote.

"Bibi, umezidi," askari anasema.

"Najua, mwanangu. Mimi ni gesi. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo juu siendi. Makazi yangu ni chini."

Akashuka kwenye mizani, akapiga magoti, akaanza kutambaa. Mimi nikatambaa nyuma yake, maana nilikuwa na hofu kwamba nikisimama nitampoteza. Lami ikawa baridi, halafu ikawa laini, halafu ikawa sakafu ya jikoni kwetu. Sijawahi kuiona sakafu yangu kwa karibu namna ile. Ina ufa mdogo karibu na mlango.

Mbele yetu anatambaa mjukuu wangu Furaha, mtoto wa miezi kumi, ambaye Siglinda ametuachia mpaka amalize masomo yake. Bibi anamshika kichwa kwa upendo.

"Huyu ni mwenzangu," ananiambia. "Tunakutana hapa kila siku. Wewe pua yako iko juu, hunisikii harufu. Yeye ananisikia."

"Anasemaje?"

"Hajajua kusema."

Nikainamisha pua mpaka sakafuni, nikanusa.

"Unatokea wapi, bibi?" nikauliza.

Akanyoosha kidole nyuma ya jiko. Mpira ulikuwa umejilaza pale kama mgonjwa aliyechoka kungoja kuulizwa hali.

"Shikamoo," nikasema. Sijui kwa nini niliuamkia.

"Marahaba. Nina umri gani?"

"Sijui."

"Nimeandikwa mgongoni. Hukusoma. Mpira nao unazeeka, mzee, sawa na wewe. Tofauti ni kwamba mimi nimeandikiwa mwaka wa kustaafu, na umepita."

"Mbona hukusema?"

"Nimesema wiki tatu. Nasema sss."

"Nilidhani ni birika."

Mpira ukajigeuza ubavu kwa taabu. Chini ya klipu inayoubana kwenye jiko, upande wa ukutani, palikuwa na mpasuko mdogo kama punje ya mchele. "Ulikaza kwa hasira," ukasema. Haukuwa unanilaumu. Ulikuwa unanipa taarifa.

Nikaziba mpasuko kwa kidole gumba.

"Utakaa hivyo mpaka lini?" bibi akaniuliza.

Nilifikiri kwa uaminifu. "Mpaka Furaha ajue kusimama."

"Na kiberiti kikija?"

Nikasikia njiti zikitikiswa ndani ya kiberiti.

Nikaamka. Njiti zilikuwa zinatikiswa kweli. Enesia alikuwa jikoni, anataka kubandika chai. Furaha amekaa sakafuni, anapiga kifuniko cha sufuria.

"Mama Siglinda, usiwashe!"

Sijui nilifikaje. Nilifunga gesi mtungini, nikafungua dirisha na mlango wa nyuma, nikamnyanyua mtoto, tukatoka sote uani. Enesia alikuwa bado ameshika njiti.

"Umeota?" akaniuliza.

"Nimeota. Lakini sikiliza. Kawogo hakuja. Nilifunga mwenyewe, kwa mpira wa stoo."

Aliirudisha njiti ndani ya kiberiti, taratibu.

"Ile harufu niliyokuambia juzi?"

"Ndiyo hiyo."

"Ukasema ni mtaro."

"Nilisema."

"Mtoto anacheza pale, Baba Siglinda. Kila siku."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alimchukua Furaha mikononi mwangu, akamfunga mgongoni kwa khanga. "Mpigie Kawogo," alisema. "Umwambie ulichoniambia. Chote."

Nikampigia, nikamwambia chote. Kawogo akaniuliza kama najua inapovujia. Nikamjibu: chini ya klipu, upande wa ukutani.

Alifika kabla ya saa kumi na mpira mpya na klipu mbili. Kabla ya kufungua chochote alikoroga maji ya sabuni kwenye bakuli, akafungua gesi kidogo, akapaka povu kila kiungo. Kwenye regulata, pale mtungini, kimya. Kwenye swichi za jiko, kimya. Kisha akaingiza mkono nyuma, akapaka chini ya klipu, akaweka kioo kidogo ukutani ili aone. Povu likavimba. Kikatoka kiputo kimoja, kikakua, kikapasuka, kikaanza kingine.

Kawogo akafunga gesi haraka. Akanigeukia.

"Mzee, pale macho hayafiki. Mimi mwenyewe nimetumia kioo. Nani alikuonyesha?"

"Mwenyewe," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa heshima, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Nikaona amenielewa vibaya. Enesia alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, ananitazama.

"Si mimi," nikamwambia Kawogo. "Mpira."