Saa ya Mama Sharon

Asubuhi ya Jumatatu, katika nyumba moja ya mtaa wa Mwakingali mjini Voi, Mama Sharon aliketi kwenye kochi akamgombeza Kavinya kwa sababu ya chai. Chai ilikuwa na majani mengi. Jana yake ilikuwa na majani machache. Alimgombeza kwa mkono wa kushoto, akiuinua na kuushusha, akimnyooshea kidole, kisha akimwonyesha mlango, na saa iliyofungwa kwenye mkono huo ikahesabu kila mtikiso kuwa mazoezi. Alipomaliza aliitazama, akaridhika, akaagiza chapati ya pili.

Saa hiyo aliinunua ili apunguze mwili. Kila jioni ilimwambia kalori alizochoma, na kila jioni ilizidisha, maana saa ya mkononi haiuoni mwili; inakisia tu kutokana na mapigo ya moyo na mtikiso. Mtu mwingine akidanganywa hivyo hunenepa. Mama Sharon alikonda. Sketi zake za kanisani zilipelekwa kwa fundi zikapunguzwa kiunoni, na majirani wakamsifu kwa bidii yake. Kile ambacho saa ilisema kimechomwa kilichomwa kweli mwilini mwake, ila nguvu za kukichoma hazikutoka kwake. Zilitoka kwa Kavinya, mfanyakazi wake wa nyumbani, aliyekuwa jikoni akisugua sufuria.

Kavinya alikuja kutoka Mtito Andei akiwa na mwili wa kubeba mitungi miwili ya maji huku akipiga soga. Sasa mtungi mmoja ulimshinda kabla hajafika mlangoni. Alidhani ni taifodi, akaomba ruhusa akaenda zahanati.

Nesi alimpima bila kushangaa.

"Bosi wako ana saa ya mazoezi?"

"Anayo."

"Basi hiyo si taifodi. Hizo saa zinaongeza chumvi sana, na ile ziada lazima itoke kwa mtu. Mara nyingi ni yule yuko karibu."

"Na dawa yake ni gani, sista?"

"Uhame. Ama ukae naye bila kumkasirisha."

Kisha nesi akavuta mkono wa sweta yake kufunika kifundo, lakini Kavinya alikuwa ameshauona mkanda mweusi wa saa. Nje kwenye varanda, mama wa usafi alikuwa ameegemea ukuta, akipumua kwa shida.

Kuhama hakungewezekana. Ndunge, mdogo wake, alikuwa kidato cha tatu, na karo yake ilitoka jikoni mle. Kavinya akachagua kutomkasirisha mtu. Alipima majani ya chai kwa kijiko, akapiga pasi hadi taulo, akajibu "sawa, Madam" kwa kila neno. Siku mbili mkono wa kushoto ulitulia. Siku ya tatu Mama Sharon alimgombeza kwamba ananyamaza kama mtu mwenye kiburi, na siku hiyo saa ilisoma vizuri kuliko siku zote.

Jumapili baada ya ibada, wanawake wa chama cha Mama Sharon walikutana sebuleni kwake. Zamani walinunuliana vyombo kwa zamu. Siku hizi walileta mizani. Walipanda mmoja mmoja, wakapigiana makofi. Kavinya alipita na birika, na hakuna aliyepunguza sauti.

"Wako ni wa wapi?" mmoja alimuuliza Mama Sharon.

"Mtito."

"Hao wanadumu. Wangu wa Bomeni hata Pasaka hakufika. Nilimpa nauli akaenda kwao."

"Huyu pia amefika mwisho," Mama Sharon alisema. "Saa inasoma, lakini mizani imekwama. Lakini ako na dada. Alikuja hapa Disemba. Msichana ana mwili, huyo!"

Wageni walipoondoka alimfuata Kavinya jikoni.

"Ndunge wanafunga shule lini?"

"Ndunge hawezi kuja, Madam. Anasoma."

"Atasomea hapa hapa. Kwani wewe huoni vile umeisha?"

Kavinya alimchukia mwanamke yule kuanzia wigi hadi ndala. Alitamani kummwagia maji ya vyombo usoni, na beseni lilikuwa karibu. Akakausha mikono kwenye leso.

"Mimi bado niko, Madam. Nipe chakula tu, mwili utarudi."

"Unarudi kweli?"

"Kwetu unarudi haraka. Lakini Ndunge umwache."

Mama Sharon alifikiria. Kisha kwa mara ya kwanza tangu amwajiri, alichukua mwiko mwenyewe. Alipakua ugali, akamwaga maharagwe juu yake, akakata avokado, akaongeza na nyama aliyokuwa amewekewa binti yake Sharon. Akaweka sahani kwenye meza ya sebuleni, meza ambayo Kavinya aliijua kwa kuipanguza tu.

"Keti. Kula."

Kavinya akala. Alijichukia kwa sababu chakula kilikuwa kitamu. Alihisi mashavu yakijaa na gauni likimbana mabegani. Ndunge angebaki shuleni. Mama Sharon alivuta kiti akaketi mkabala naye, akaikaza saa vizuri mkononi, akamsubiri amalize.