Ufunguo Uko Mjini

Viroba vilikuwa vinane, kila familia ya wakimbizi kimoja, na vilifungiwa kwenye stoo ya kigango, hatua ishirini tu kutoka darasa la katekesi walimolala wenyewe. Ndani yake mlikuwa na mbegu za mtama. Hazikutoka Ulaya wala ofisini. Wanawake wa jumuiya walizipunguza majumbani mwao, wakazileta kwenye mabeseni na sufuria, mmoja hata kwenye kitambaa chake cha kichwa, wakazipepeta na kuzichanganya na majivu zisiliwe na wadudu. Ofisi ya misaada ya kanisa mjini Bariadi ilichangia viroba vyenyewe, vyeupe, vyenye nembo ubavuni. Kwa nembo hiyo tu, mbegu zikawa za ofisi. Domitila, mtunza stoo, alilipokea jambo hilo kwa kuguna, na kuguna hakujawahi kufungua kufuli.

"Usitoe hata punje, mama," Kristofa, afisa wa misaada, alimwambia kwenye simu. "Mgeni rasmi anakuja Alhamisi kukabidhi. Bila picha hakuna ripoti, na bila ripoti mwakani msitegemee kitu."

"Mvua imeshanyesha, baba. Watu wanapanda."

"Alhamisi, mama. Alhamisi siyo mbali."

Domitila akakata simu, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge chake. Miaka kumi na moja ya kutunza stoo, hakuwahi kupoteza hata kijiko. Alijivunia hilo, na hapo ndipo balaa lake lilipoanzia.

Wale watu wa darasani walikuwa wametoka mbali, upande wa Meatu, ambako vijiji viwili viligombania ngitili, yale malisho yanayozungushiwa miiba yahifadhiwe mpaka kiangazi. Ugomvi ulianza kwa fimbo ukaishia kwa moto. Katika kukimbia, mmoja alibeba godoro, mwingine redio. Stephania, mama wa watoto wanne, alibeba jembe. Uji wa kanisa aliunywa kwa adabu, lakini ulimkaa kooni. Hakuzoea kupangiwa foleni na bakuli mkononi.

Kwa hiyo alikwenda mwenyewe kwa mzee Bundala kuomba shamba. Bundala hajawahi kukanyaga kanisani, mizimu ya kwao inamtosha. Alimsikiliza yule mama mpaka mwisho, akauliza wako wangapi, kisha akamwonyesha kipande kikubwa nyuma ya zizi. Siku ya pili baada ya mvua alifunga maksai wake na plau, akawalimia. Hakukuwa na bango wala mpiga picha.

"Ila ndani ya siku saba muwe mmepanda," aliwaambia. "Zikipita, napanda pamba yangu. Udongo huu ukikauka nitakuwa nimewatesa ng'ombe bure, na mimi nina wajukuu."

Jioni ileile Stephania akafika kwa Domitila, akamsalimu kwa Kisukuma kama binti anavyomsalimu mama yake.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai, mayu. Shamba limelimwa. Tunaomba mbegu tu, kesho alfajiri tuwe shambani."

Domitila alikuwa na ufunguo kiunoni, anausikia kabisa ukimgusa. Angeweza kusema: ninao, ila nimekatazwa. Maneno hayo yangekuwa ya kweli, lakini aliona aibu kumtazama mwanamke aliyeunguziwa nyumba na kumwambia vile. Akachagua njia nyepesi.

"Ufunguo uko mjini," alisema. "Kwa Kristofa."

Stephania akatazama barabara ya Bariadi. "Basi nitaufuata. Nikitoka usiku, mchana nitakuwa nimefika."

"Hawatakupa, mwanangu. Subiri Alhamisi."

Alhamisi ikafika bila mgeni. Alikuwa na kikao. Jumamosi akawa na msiba, nao msiba hauna mjadala. Jumatatu bango lilikuwa halijachapwa, au lilichapwa likakosewa jina la mgeni, Domitila hakuelewa vizuri maana simu ilikuwa inakatika na hasira nayo ilikuwa imemjaa masikioni.

"Mwanangu Kristofa, shamba lina siku saba! Leo ni ya sita!"

"Mama, hata mimi sipendi. Mimi natumwa."

Kila mtu alikuwa ametumwa! Domitila akamfuata katekista Joakim, ambaye alikuwa akipaka chokaa kwenye mawe ya njia atakayopita mgeni.

"Tufungue, Joakim. Tuwape, tutajieleza baadaye."

Joakim aliendelea kupaka. "Ufunguo unao wewe, mama. Ukifungua, umefungua wewe. Mimi ni katekista tu."

Siku ya saba alfajiri, Domitila alisimama mbele ya stoo. Akafungua fundo la kitenge, akaushika ufunguo, akauingiza kwenye kufuli mpaka nusu. Kijiko hakijawahi kupotea. Miaka kumi na moja. Mwakani msitegemee kitu. Akauchomoa, akalifunga fundo upya, akarudi nyumbani kuwasha moto, na siku nzima alimgombeza kila kuku aliyepita mbele yake.

Siku ya nane Bundala akapanda pamba. Alikuwa amepita darasani kwanza kuwaambia, kofia mkononi, na hakuna aliyemlaumu.

Mgeni rasmi alikuja siku ya kumi na mbili. Bango lilikuwa zuri, hilo lazima lisemwe, na jina lake halikukosewa. Wale wakuu wanane wa familia walipangwa mstari juani, Stephania wa kwanza kwa kuwa alikuwa na sura ya kupigwa picha, kwa maneno ya Kristofa. Mgeni alizungumza kwa muda mrefu juu ya upendo. Kisha Kristofa akashika kipaza sauti.

"Sasa namwomba mama yetu mtunza stoo, ambaye ametunza ufunguo wetu kwa uaminifu siku zote hizi, aje atufungulie!"

Makofi yakapigwa. Domitila alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaenda. Fundo la kitenge lilikuwa gumu, mpiga picha akamwambia asimame upande wa mwanga. Ufunguo ulipotoka, aliinua macho bila kutaka, akakutana na ya Stephania. Yalikuwa yameutazama ufunguo, yakatazama kiuno ulikotoka, yakatulia.

Viroba vikatolewa. Stephania akapewa chake, akaambiwa aseme neno la shukrani.

"Wabeja sana," alisema, na wenyeji wakaitikia. "Tunawashukuru kwa mbegu. Tutazikosha majivu, tuzisage. Zitatufikisha Jumapili ijayo."

Mgeni rasmi akapiga makofi. Kristofa naye akapiga, kisha mikono ikamgandia hewani. Kule nyuma, wanawake wa jumuiya waliozipepeta mbegu zile hawakupiga. Mmoja wao alivua kitambaa chake cha kichwa, akajifuta nacho macho.

Stephania akajitwika kiroba na kupita mlangoni mwa stoo, alipokuwa amesimama Domitila na kufuli mkononi. Hakupaza sauti. Aliuliza kwa heshima ileile ya siku ya kwanza.

"Mayu, tunaomba utuazime jiwe la kusagia. Au nalo liko mjini?"