Nakala Mbili za Kosa Moja

"Tangu nianze kazi hii sijapoteza faili hata moja," alikuwa akitamba Bi Waya, mtunza kompyuta wa hospitali, kisha anajitia doa mwenyewe: "Miwani tu. Hiyo naipoteza ikiwa usoni."

Jumatano ile alitoka kikaoni akakuta picha za wagonjwa wote hazionekani. Mmoja wao, mama mwenye uvimbe kichwani, alikuwa apasuliwe saa saba mchana baada ya kungoja miezi mitano. Picha zake zilipigwa asubuhi hiyo hiyo. Bila hizo, daktari hagusi kisu.

"Usihangaike, shem," alisema Shemeji, mume wa dada yake, aliyepata kiti mle ofisini kwa sababu dada mtu alilia wiki nzima. "Si kuna nakala jengo la pili?"

"Ipo, na imefutika vilevile. Ile mashine ni kasuku. Ikisikia weka, inaweka. Ikisikia futa, inafuta. Nani kafuta?"

"Mimi nilikuwa kwenye chai tangu saa mbili na nusu. Mtambo wenyewe tu huo."

Bi Waya aliigeukia kompyuta yake. Kwanza alizizuia mashine zisifagie, maana picha zilikuwa bado zimo ndani, vipande vipande. Kilichopotea ni orodha ya majina, ile inayosema kipande kipi ni cha nani. Kipande kisicho na jina, mashine hukiona takataka ikakitupa. Kisha akafungua kabati la chuma, akatoa diski anayohifadhia orodha hiyo kila Ijumaa, diski isiyounganishwa na mashine yoyote. Ikasomeka.

Lakini orodha ya Ijumaa haimjui mgonjwa wa Jumatano. Ilibidi aijazie kwa kumbukumbu za mtambo, zinazoandika kila kilichowekwa na kila kilichofutwa, mstari kwa mstari. Akiishia mapema, picha za asubuhi hazimo. Akipitiliza, atalirudia lile kosa kwa mkono wake mwenyewe. Na kufuta ni kwingi kila siku, wala haiandikwi nani kafuta, kwani ofisi nzima ina neno la siri moja.

Saa sita na nusu daktari alisimama mlangoni, kofia ya upasuaji kichwani. "Nimrudishe wodini?"

"Umrudishe kwa lipi? Mwache hapo hapo."

Akakunja mikono ya gauni, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kushuka na mistari. Ilikuwa elfu tisa. Nyuma yake Shemeji alikuwa akichungulia kioo begani kwake.

"Hivyo utachelewa, shem."

"Nitachelewa, lakini nitafika."

Macho yalimwasha, akayafikicha, akaendelea. Mwishowe kidole kikasimama. "Huu wa saa mbili na dakika hamsini unanitia shaka. Naishia hapa."

"Hapana, hapo picha zake hazijaingia," Shemeji akadakia. "Ishia saa tatu na dakika tano. Dakika ya sita ndiyo…"



Bi Waya aliandika saa tatu na dakika tano, akabonyeza. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo, moja baada ya jingine, mpaka likatokea la yule mama na picha zake zote. Daktari akaziangalia mara moja, akaondoka mbio.

Bi Waya akageuza kiti taratibu.

"Dakika ya sita ndiyo nini, shem wangu wa kwenye chai?"