Mkono Usiohesabiwa

Jumanne saa nne asubuhi, ukumbi wa kungojea meli ulikuwa umejaa. Ukumbi wenyewe uko juu ya ghala la rangi. Una mabenchi sita, ubao wa matangazo, birika la umeme lililopoteza kifuniko, na dirisha moja linalotazama makreni. Mabaharia wasio na kazi huja hapo kila siku kungoja majina yao yasomwe, na wakingoja hucheza drafti kwa visoda na kudanganyana. Siku hiyo ubao wa drafti ulikuwa umefunikwa gazeti, kwa sababu kulikuwa na hadithi ya kupigiwa kura.

Ndiyo desturi yao. Baharia akirudi peke yake kutoka mahali walikokwenda wawili, jina lake halirudi kwenye orodha mpaka asimame mbele ya wenzake, aeleze, nao wainue mikono. Wakiiamini hadithi, anapata meli. Wasipoiamini, hakuna atakayekubali kulala naye kabini moja, na ubaharia wake umekwisha. Hakuna palipoandikwa hivyo, lakini hata makampuni huiheshimu desturi hiyo, maana inayapunguzia kazi ya kuchunguza.

Aliyesimama alikuwa fundi wa injini, wote humwita Grisi. Meli yake ilizama mwaka uliopita, na yeye na mpishi wa meli wakaelea kwenye boti la mpira la kujiokolea. Walielea siku thelathini na nne. Aliyeokotwa ni Grisi tu. Mke wa mpishi alikuwa ameketi benchi la mbele, mkoba magotini, amekuja kusikia mumewe alikufaje.

Benchi la nyuma, karibu na birika, aliketi Serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, mwenye miaka ishirini na saba baharini, mtu anayesikilizwa kuliko Mwenyekiti wa ukumbi mwenyewe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapunga. Ulianza kupunga mwaka uliopita aliporudi safari, na haukuacha tena: taratibu, huku na huku, kama mtu anayemwitikia mwenzake aliye mbali. Daktari alimpa dawa ya kuchua. Mkewe huufunga kwa kitambaa wakati wa kula usije ukamwaga mchuzi. Adha kubwa iko barabarani, maana mabasi humsimamia hata asipokuwa na safari, na makondakta humporomoshea matusi. Ukumbini walikwisha kuuzoea. Anayekaa kushoto kwake huinamisha kichwa kidogo, basi.

"Siku ya tisa," Grisi alisema, "bahari ilijikunja."

"Ilijikunja vipi?" Mwenyekiti aliuliza, kalamu mkononi.

"Kama mkeka. Ikakaa pembeni. Tukalala mchangani, pakavu kabisa. Alfajiri ikarudi polepole, ikatunyanyua tukiwa bado usingizini."

Mwenyekiti aliandika. Mzee mmoja mwembamba waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima, alitikisa kichwa kukubali.

"Hilo lipo," alisema. "Mimi ilinijikunjia mara mbili. Mara ya pili ikagoma kurudi, ikabidi tuibembeleze."

Grisi akaendelea. Kuanzia siku ya kumi na mbili, kasa alikuwa akiwaletea maji ya kunywa, kikombe kimoja kwa kila mtu, asubuhi na mapema. Ijumaa hakuja. Mtu mmoja alitaka kujua kama maji yenyewe yalikuwa baridi. Grisi akasema yalikuwa vuguvugu. "Ndivyo walivyo hao," akajibiwa, na Mwenyekiti akaandika hilo pia.

"Siku ya kumi na nane," Grisi akasema, "ilipita meli."

Mwenyekiti akafungua ukurasa mpya.

"Ilipita mchana, bahari imetulia. Ilikuwa karibu, jamani. Tulisikia harufu ya vitunguu kutoka jikoni kwao, mpaka marehemu akasema wanaviunguza. Kwenye reli palikuwa na mtu anapaka rangi. Tukapiga kelele. Akatuona, akatupungia mkono. Akaweka brashi chini, akapanda juu kwa wakubwa. Tukakumbatiana. Baadaye akashuka, akaokota brashi yake, akaendelea kupaka. Hakutazama tena upande wetu."

Kisha akamalizia.

"Mwenzangu akasema labda hawajatuelewa. Akavua shati, akajitosa kuifuata. Alikuwa anajua kuogelea sana. Nilikiona kichwa chake mpaka kikawa kidogo, halafu sikukiona."

Redio alikuwa wa kwanza. "Hapana, mdogo wangu. Hapo umetia chumvi. Baharia hampiti baharia."

"Hampiti!" wakaitikia wengine. Na hawakusema kwa hila, waliliamini neno hilo kama mtu anavyoamini jina la mama yake. Kasa walimjua na bahari ikijikunja walishaiona, ila meli inayoona watu majini ikashika njia yake, hiyo hakuna aliyetaka kuwa na ndugu ndani yake.

"Sasa kama meli haikuwepo," akauliza kijeba mmoja wa benchi la kati, "mpishi alijitosa kufuata nini? Boti lile tunalijua. Wawili ni wengi." Hakuendelea, na haikuwa lazima. Mke wa mpishi alifungua mkoba, akaufunga.

Mwenyekiti akageuka nyuma. "Serahangi, wewe mwezi ule ulikuwa njia ile ile. Mliona boti lolote?"

Serahangi alikuwa ameliona. Alikuwa na brashi mkono wa kulia na ndoo ya rangi miguuni, na alipopunga wa kushoto alipunga kwa furaha, akijua watakula na wale watu chakula cha jioni. Alipanda juu mbio. Afisa wa zamu akatazama saa, kwani walikwisha kuchelewa siku mbili, akamwambia, "Hilo ni kreti la samaki. Jua limekupiga." Serahangi alijua kwamba kreti la samaki halivui shati. Lakini alishuka, akaokota brashi, na jioni alitia sahihi kwenye daftari la meli chini ya maneno kwamba hakuna kilichoonekana. Tangu siku hiyo vitunguu vimemshinda kula.

Sasa jina lake lilikuwa ubaoni kwa meli ya Alhamisi, na nahodha wa meli hiyo ni yule yule afisa, amepandishwa cheo. Serahangi aliona aibu. Ilimpanda kutoka miguuni mpaka kwenye masikio, akawa hajui aweke wapi macho yake.

"Tulipita," alisema. "Hatukuona kitu."

Mkono ulikuwa unapunga.

Grisi alimtazama muda mrefu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Serahangi zaidi. "Kaka," Grisi akasema kwa sauti ya chini, "yule mtu alipunga wa kushoto."

Birika lilianza kuchemka. Kila mtu akalitazama birika.

"Wanaopunga kushoto ni wengi," Redio akasema mwishowe, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema neno bila kupenda kusikika.

Mke wa mpishi akainuka kidogo, akaketi tena. "Shemeji," akamwambia Grisi, "mie sijui mambo ya meli. Nataka kujua kimoja tu. Alikuwa anaogelea kwenda wapi?"

"Kwenye meli, shemeji."

"Basi alikufa akijua anakwenda kwa watu."

Mwenyekiti akakohoa, akaanza kupigisha kura. Bahari kujikunja: mikono yote ilipanda, na Serahangi akainua wa kulia. Kasa: mikono yote isipokuwa mmoja, wa mtu aliyewahi kukosana na kasa.

"Wanaoamini kwamba meli iliwaona ikapita?"

Kijeba alifunga kamba za viatu. Redio alikuta kitu kwenye ukucha wake. Hakuna aliyeinua, ila nyuma kabisa, karibu na birika, mkono wa kushoto wa Serahangi ulinyooka kuliko ulivyowahi kunyooka, ukapita vichwa vya watu wote, ukapunga.

Mwenyekiti aliishusha kalamu karatasini bila kuandika. "Serahangi," akauliza kwa heshima, "ni wewe, au ni mkono?"

Alingoja jibu. Wote walingoja, na hata walioinamisha vichwa walikuwa wametega masikio. Kama angesema ni yeye, wengine wangeinua, hilo kila mmoja alilijua moyoni mwake. Serahangi alitazama ubao, pale jina lake lilipoandikwa kwa chaki.

"Ni mkono," akasema.

"Basi usihesabiwe."

Mwenyekiti akaandika: bahari imekubaliwa, kasa amekubaliwa, meli haikuthibitishwa. Jina la Grisi halikurudi kwenye orodha. Mke wa mpishi alipewa karatasi iliyosema kwamba mumewe alitoka botini kwa sababu zisizojulikana, akaikunja mara nne, akaitia mkobani. Grisi aliwashukuru kwa kumsikiliza, akashuka ngazi. Gazeti lilibaki juu ya drafti, maana hakuna aliyetaka kucheza.

Saa saba Serahangi alishuka barabarani, mkono ameutia mfukoni. Ulitoka. Basi lililokuwa linapita kwa kasi likafunga breki mbele yake, likasimama.

"Ingia, mzee!" kondakta akapiga kelele.

"Siendi."

"Sasa umetupungia nini?"

Nyuma yake mtu akasogea. Alikuwa mke wa mpishi, amesimama juani pale tangu kikao kilipokwisha. Alipanda ngazi ya basi, akashika chuma cha mlango, akamgeukia.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Nimepungia mabasi sita, yote yananiona na yanapita."

"Karibu," akasema Serahangi.

Basi likaondoka. Mkono ulimpungia mpaka basi likawa dogo, halafu hakuliona.