Niliyemwona Siku ya Nne

Nalala saa saba na dakika kumi mchana, juu ya sitaha ya boti la tagi, mgongo nimeuegemeza kwenye mitungi ya hewa, mapezi bado yako miguuni maana sina nguvu ya kuyavua, na saa naijua kwa sababu Nyange, mwenzangu wa kuzama naye, ananiambia, Shaame, jinyooshe kidogo, gatini tunafika baada ya saa nzima, na leo ndiyo mwisho. Leo ni siku ya kumi na moja tangu ndege iliyobeba watu arobaini na watatu ianguke baharini, dakika tisa baada ya kuruka. Tumepandisha watu ishirini na wanane, bawa moja, magurudumu, mabegi yaliyovimba maji, viatu vingi visivyo na wenziwe. Asubuhi mkuu wa zoezi alitusimamisha kwenye mstari akasema waliobaki wako kwenye kina ambacho mzamiaji hafiki, vyombo vya kufika huko hatuna, kwa hiyo utafutaji unafungwa. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu. Waliobaki ni kumi na watano, na mmoja wao namjua. Anaitwa Sikudhani Chilumba, miaka ishirini na minne, mkunga, kiti cha safu ya tisa, dirishani, na namjua kwa sababu baba yake, Mzee Chilumba, mkulima wa korosho kutoka Newala, ananisubiri gatini kila jioni na kunitajia sifa zake kama anayetaka nimkariri, mrefu, ana mwanya, blauzi ya manjano, na kuogelea anajua, alijifunza mto Ruvuma akiwa hajaota meno ya utu uzima, huyu si wa kuzama. Kila jioni ananiuliza, mwanangu, hukumwona? Na kila jioni namjibu, sikumwona, mzee wangu. Naye hushukuru. Husema, basi yuko hai mahali.

Nilimwona. Siku ya nne, mita thelathini na nane, kipande cha katikati cha ndege kimekaa ukingoni mwa mwamba, Nyange amebaki mlangoni kashika kamba, mimi nimeingia peke yangu, na yeye amekaa kitini kwake, blauzi ya manjano, nywele zimesimama zinayumba taratibu. Kifungo cha mkanda kilikwama. Nilitoa kisu, nikakata mkanda mpaka nusu, geji ya hewa ikaingia kwenye nyekundu, nikamwambia kimoyomoyo, narudi alasiri. Alasiri mkondo ulikuwa umekisukuma kile kipande kikaporomoka gengeni, kwenye giza. Mkuu aliponiuliza mle ndani kulikuwa na nini, nikasema, hakuna mtu. Sijui kwa nini. Labda niliona haya kwamba nilimwacha. Likaandikwa, kipande kitupu, na jioni ile ile mzee akaniuliza, nami nikajibu kama ilivyoandikwa.

Nafumba macho. Injini ya tagi inanguruma chini ya mgongo wangu, inanguruma, kisha si injini tena, ni pumzi yangu mwenyewe ndani ya mpira wa hewa, na mkononi nina kamba ya kushukia, nashuka, mita kumi, mita ishirini, thelathini na nane, na kamba haiishi, mia, mia mbili, masikio hayaumi, na ninapofika chini mapezi yangu hayagusi mchanga, yanagusa lami. Ni barabara. Inakwenda mbele mpaka jicho linachoka, na nikigeuka inakwenda nyuma vile vile, na pembeni zinatoka barabara nyingine, na kutoka kwenye hizo nyingine tena, zote tupu, zote zimelowa. Nasimama. Pembeni amesimama mtu aliyevaa fulana ya kung'aa kama zile za wafanyakazi wa gati, na pale panapopaswa kuwa na uso pana ngozi tu, laini kama kiganja. Namwuliza, ndugu, barabara ya kwenda kwa wale kumi na watano ni ipi? Ananiambia, kitendawili. Tega, nasema, maana mdomo umezoea tangu utoto. Hakina mfupa, hakina pezi, kimemzamisha aliyekwisha kuzama. Jibu nalijua. Jibu liko pale pale linapokaa siku zote, nyuma ya meno yangu, na ninaliacha hapo. Nasema, nimeshindwa. Basi nipe mji, anasema. Nampa Wete, mji niliozaliwa, kwa wepesi tu, kama tulivyokuwa tukipeana miji barazani, na hapo hapo tunaingia Wete.

Ni Wete na si Wete. Kila nyumba imesimama juu ya pacha wake aliyepinduka, msingi kwa msingi, na mtu anayepita juu ana mwenzake anayepita chini kichwa kikining'inia, na hatua zao zinakutana nyayo kwa nyayo. Naona nyumba yetu. Naona mama yangu mlangoni anapepeta mchele, mama yangu ambaye yuko hai, niliyeongea naye kwa simu juzi, na ungo unapiga juu na ungo unapiga chini. Namwamkia. Ananitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. Marahaba, mwanangu, wewe ni wa nani? Mimi Shaame, mama. Shaame yupi? Namgeukia yule mtu wa fulana, namwambia, hanijui, nirudishie. Anasema, mji umeutoa mwenyewe. Kisha anasema, kitendawili. Sitaki, nasema, lakini mdomo umeshasema, tega. Nyumba yangu imehama na mimi sijainuka kitini. Hili pia nalijua, nalijua mpaka rangi ya blauzi yake, na nasema, nimeshindwa, chukua Tanga, Tanga nilikojifunzia kuzama, nilikooa, na Wete inazimika nyuma yetu nyumba moja moja, ya juu na ya chini.

Tanga kumejaa watu, na wote wako katika ukumbi mmoja mrefu wenye mizani ya kupimia mizigo. Nawafahamu. Wale ishirini na wanane niliwabeba, wengine kwa mikono hii. Wanasimama kwenye foleni, nguo zimekauka, nywele zimechanwa. Mama mmoja mzee ananishika mkono. Baba, wewe ndiye wa mizigo? Nasema, mimi ndiye niliyewapandisha. Anasema, ahsante, lakini kiatu changu mmekipanga na cha mtu mwingine ili kiwe jozi, kwa nini? Changu kimoja kilitosha. Nasema, tutakitenga, bibi, nikijua kwamba viatu vimeshafungwa katika magunia. Nyuma yake kijana wa kiume mwenye shati la benki ananiuliza, wangu wamenizika? Ndiyo, Jumanne. Walilia? Walilia sana, mkeo alishikiliwa na watu watatu. Haya, anasema, anavuta pumzi, anachukua mkoba wake, anaelekea mwisho wa ukumbi ambako kuna mlango, anatoka, na mlango unajifunga bila kelele. Wote wanatoka hivyo, mmoja mmoja, kila aliyezikwa anatoka. Nangoja ukumbi ubaki mtupu. Haubaki mtupu. Kwenye benchi la ukutani wamekaa watu kumi na wanne, hawana mizigo, hawasemi, na upande wao ukuta hauna mlango. Nahesabu tena. Kumi na wanne. Namwuliza yule wa fulana, mmoja yuko wapi? Anasema, huyo hayumo hata kwenye benchi, maana benchi ni la wanaotafutwa, yeye pale alipokuwa pameandikwa hapana mtu. Nasema, nipeleke. Nipe mji. Sina mji mwingine. Toa hata usio wako. Na mimi, Mungu anisamehe, natoa Newala.

Barabara inapanda. Inapanda na kupinda na kupanda, hewa inakuwa baridi, mikorosho pande mbili imetoa maua, na chini ya kila mkorosho umening'inia mkorosho, maua yakiangukia juu. Hakuna mtu mashambani. Nyumba zina milango iliyofungwa kwa nje. Na katikati ya barabara, peke yake, kimewekwa kiti cha ndege, na juu yake amekaa Sikudhani, mkanda kiunoni, mwanya mbele, mikono mapajani kama mtu aliyeambiwa asubiri. Hodi, nasema, kwa kukosa la kusema. Karibu, kaka. Alasiri yako ndefu. Napiga magoti mbele yake. Namwambia, hewa iliniishia. Najua, anasema, niliona ile sindano ikiingia kwenye nyekundu, ningekuwa mimi ningeondoka pia. Kisha ananiuliza, baba umemwambia nini? Nilimwambia sikukuona. Maua yanaendelea kupanda. Basi nani aliniona? Hakuna mwingine. Mara ngapi amekuuliza? Kila jioni. Na kila jioni ulisema hukuniona? Kila jioni. Basi sikuonekana, anasema, na sauti yake haina hasira, ni ya mtu anayehesabu tu na kufika kwenye jumla. Asiyeonekana hazikwi, kaka, hasomewi, haliliwi. Baba yangu hajalia bado. Anajua kulia yule, alimlilia mama siku arobaini. Umemzibia machozi na mimi umeniacha njiani. Nitamwambia, nasema. Sema sasa, nikusikie. Nafungua mdomo, mzee wangu, nili, na maji yanajaa kinywani, ya chumvi, ya baridi, natema. Najaribu tena, mzee wangu, na maji. Tena. Ananitazama, halafu anainama mbele kadiri mkanda unavyomruhusu, anashika bega langu, na sauti yake inabadilika, inakuwa ya kazini kwake. Usibane, anasema. Vuta pumzi kwanza. Sasa sukuma, kaka, sukuma litoke. Nasukuma. Linatoka na maji yote. Nilimwona. Hivyo, anasema, umefanya vizuri, pumzika.

Nachomoa kisu. Nasema, safari hii naukata mpaka mwisho. Nakata nusu iliyobaki, na ninapoikata, ile niliyoikata siku ya nne inaungana. Naigeukia hiyo, naikata, na upande wa pili unaungana. Nakata, nakata, jasho linanitoka ndani ya maji, nyuzi zinatapakaa barabarani na mkanda ni mzima. Naangalia geji. Nyekundu. Anaiona pia. Nenda, anasema. Nasema, nita. Ananifunika mdomo kwa kiganja chake. Safari hii usiniambie unarudi. Nakimbia. Newala inazimika mkorosho baada ya mkorosho, na kambani amesimama yule asiye na uso, namwambia nikihema, jibu la kwanza ni ulimi, ulimi wangu, la pili ni yeye, haya, nirudishie miji. Anasema, jibu linalokuja baada ya mji kutolewa halirudishi mji. Nashika kamba. Napanda, na kamba ni ndefu kuliko nilivyoshuka.

Jua. Nyange ananitikisa bega. Shaame, tumefika, amka, umelala mdomo wazi kama papa. Nakaa. Gati lipo. Kreni ipo. Magari ya wagonjwa yameshaondoka, turubai za familia zinakunjwa. Nayavua mapezi, nashuka, miguu yangu haiamini saruji. Mzee Chilumba amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mfuko wake wa plastiki mapajani, na anaponiona anainuka kama kila jioni, ila leo ni mchana. Mwanangu, nasikia wanafunga. Ndiyo, mzee wangu. Na hukumwona? Navuta pumzi. Nasukuma. Nilimwona. Nasema yote pale pale tumesimama, kiti, dirisha, kisu, nusu ya mkanda, alasiri, genge. Sauti yangu inatoka nzima, bila maji. Ninapomaliza nangoja alie. Halii. Ananitazama usoni kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa, ananigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. Ulikuwa umelala, mwanangu? Kidogo. Basi umeota. Hapana, mzee wangu, ni siku ya nne, nilimwona kwa macho haya. Mwanangu, anasema polepole, mtu hawezi kumwona binti wa mtu siku ya nne akamtazama baba yake usoni siku saba akasema hakumwona. Binadamu gani huyo? Wewe si mtu huyo. Umewabeba watu wengi mno, sasa unawaona hata ambao hukuwaona. Pole sana. Namwita Nyange. Nyange, siku ya nne, niliingia mle au sikuingia? Uliingia, anasema. Nilikaa muda gani? Nyange anakuna shingo. Mimi nilikuwa nje na kamba, Shaame. Ulitoka ukasema hakuna mtu. Imeandikwa hakuna mtu. Umeona? anasema mzee, na anatabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue namwona ana mwanya.

Nasimama. Najaribu kuikumbuka sura yake chini kule, safu ya tisa, na sura inayokuja ni ile ya barabarani, yenye kusema, na nyuma yake sipati nyingine. Mzee ananishika kiwiko, ananigeuza tuitazame bahari. Wewe unaijua mikondo, anasema. Mtu mzima, mwenye nguvu, anayejua kuogelea, maji haya yangempeleka wapi? Kuna kisiwa huko? Nikijua mahali nitakwenda mwenyewe, sitawasumbua tena. Nafungua mdomo niseme hakuna kitu, mzee wangu, kusini ni maji matupu mpaka macho yachoke, nimezama bahari hii miaka kumi na tisa. Mkono wangu unanyanyuka. Unanyooka kusini. Mzee anafuata kidole, anakinga macho kwa kiganja, anasema, ahaa, kile pale, na mimi natazama, na kweli kipo, kisiwa kirefu cha kijani, kina moshi wa jikoni, ambacho sijawahi kukiona.